Bujiku Afuata Waya

Scolastika alikuwa anaanua michembe ya viazi vitamu juu ya mwamba, nyuma ya zizi lililovunjwa kupisha nguzo za umeme mkubwa wa jua, mumewe Bujiku alipofika akaketi. Bujiku alikuwa amekufa miaka mitatu nyuma. Wakasalimiana kwa mwadila, salamu yao ya Kisukuma, kama kawaida, mke akamchagulia kipande kisicho kigumu sana, akampa.

"Mama Aneth," akasema marehemu, "nyumba iko wapi?"

Alilileta swali hilo kila jioni tangu kaburi lake lihamishwe, na kosa lilikuwa la mdogo wake, Mageni. Kijijini kwao, Kishapu, mfu haondolewi kimyakimya kama gunia la pamba. Ndugu yake humwita kwa jina, akamweleza anakopelekwa. Mageni aliita kweli. Lakini wageni wa mradi walikuwa wamesimama pale na kofia zao ngumu, na Mageni, mtu wa kupenda sifa, akaona aibu kusema Kisukuma mbele ya wahandisi. Akamhutubia kaka yake kwa Kiswahili cha mkutanoni, kwa heshima na taadhima, mpaka wageni wakapiga makofi. Bujiku, ambaye Kiswahili chake maishani hakikuvuka salamu na bei ya pamba, hakuambulia kitu. Mifupa ikaenda, mwenyewe akabaki.

Scolastika alikwisha kumweleza upya, kwa lugha yake, kwamba sasa wanakaa ng'ambo ya korongo. Bujiku alielewa, tena alijaribu kwenda.

"Kule giza," alisema. "Milango yote inafanana. Niwekee taa, nitakuja nilale."

Alizaliwa usiku, kama jina lake linavyosema, na giza hakulipenda hata siku moja.

Mke akamfuata Herman, mhandisi wa laini ya umeme.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Naomba taa moja, mume wangu auone mlango."

Herman hakushangaa. Mambo ya marehemu alikwisha kuyazoea tangu laini ianze kujengwa. "Umeme huu ni mkubwa mno, mama. Hauteremki kijijini, unapita tu."

"Unakwenda wapi?"

"Geita, mgodini."

"Na jua linalouzaa si la hapa kwetu?"

"Jua ni la Mungu, mama."

Ndivyo Mungu anavyotajwa, mtu anaponyimwa chake. Scolastika akarudi mwambani.

Bujiku alipoambiwa, akapanda nguzo. Mlinzi, Donatus, akampigia kelele ashuke, akamwonyesha bango la hatari lenye fuvu. Bujiku akalitazama lile fuvu, hakuona jipya. Donatus akapiga simu. Herman akamjibu kwamba onyo lile linawahusu walio hai, amwache.

Kule juu Bujiku aliutafuta mlango wake. Upande wa nyumbani aliona weusi mtupu. Upande wa Geita aliona mwanga. Akakanyaga waya, akaufuata taratibu, kama mtu anayerudi kwake baada ya mnada. Scolastika akamwita kwa jina, kwa Kisukuma safi. Safari hii alisikia vizuri kabisa. Aligeuka, akampungia mkono, akaendelea.

Baada ya mavuno Mageni akaleta habari kutoka Geita. Alimkuta kaka yake nje ya uzio wa mgodi, chini ya taa kubwa, ameketi na marehemu wengine walioondolewa njia nzima ile.

"Amependeza, shemeji," alisema. "Kanisalimia kwa Kiswahili."

"Kaniulizia?"

Mageni akainama, akaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Scolastika alimwendea mwenyekiti wa kijiji, akaomba jambo moja tu: siku yake ikifika, azikwe pale mwambani, chini ya waya, naye apande amfuate mumewe. Mwenyekiti akamweleza kwa upole kwamba chini ya umeme hapajengwi wala hapazikwi mtu. Nafasi yake ipo, ng'ambo ya korongo, ubavuni mwa kaburi la mumewe, lile lisilo na mwenyewe.

Jioni hiyo akawasha koroboi, akaiweka mlangoni. Upepo wa korongoni ukaizima. Ng'ambo ya pili, juu ya mwamba, waya ulikuwa unavuma, umebeba jua la Kishapu, unalipeleka Geita.