Ndege Asiye na Jicho

Nilikuwa naosha kichwa cha mteja pale saluni nilipomwona ndege wa Bibi kwenye mkono usio wa Bibi. Mteja alikuwa amelaza kichwa kwenye sinki, macho kafumba, mkono kauegemeza kwenye kiti. Umefunikwa nailoni, na chini ya nailoni ndege wa tatuu, mbichi, bado amevimba.

Maji yakaniingia mikononi mwa blauzi nisijue.

Ndege yule namjua kuliko uso wangu. Bibi ndiye aliyenilea, na kila jioni mimi ndiye ninayempaka mafuta mikono. Alichanjwa na mama yake, kwa mwiba na masizi ya chungu. Kwao ilikuwa heshima. Msichana asiye na ndege alihesabiwa bado mtoto. Alipoolewa mbali, ukweni wakasema ni alama ya uchawi. Tangu hapo Bibi ni mtu wa blauzi za mikono mirefu, jua liwake lisiwake. Nilipokuwa mdogo nilimwomba anichanje na mimi. Akasema ndege huyo atazikwa naye, nisimuulize tena. Sikumuuliza tena, ila hamu haikuniisha.

Sasa huyu dada kampata wapi?

Nyuma ya pazia, kwenye kona aliyopangishwa na Madamu, mwenye saluni yetu, anakaa mchora tatuu tunayemwita Sindano. Nikamtazama tena yule ndege. Hakuwa na jicho. Kichwani paliachwa tupu, kama sarafu ndogo. Na wa Bibi ni hivyohivyo, kwa sababu pale aliwahi kurukiwa na mafuta ya moto. Kwa hiyo Sindano aliuona mkono wa Bibi wenyewe, na kovu akalichora akidhani ni urembo.

Nikakumbuka aliwahi kuja nyumbani kuniletea mwavuli niliousahau. Mimi nilikuwa nje naanua nguo, Bibi ndani. Nilipoingia, Sindano alikuwa kashika simu, akaitia mfukoni haraka. Wakati ule niliona kawaida.

Basi nikawa nafagia zaidi karibu na pazia. Akicheka na mteja, nahisi ananicheka mimi. Akijisifu kwamba ana mchoro wa kale usiopatikana kwingine, roho inanikereketa. Madamu akanitania kwamba kama nimempenda kijana niseme tu, niionee huruma sakafu. Nikainama.

Alipotoka mteja mwingine na ndege mkononi, nikashindwa. Nikafungua pazia.

"Kaka, umempiga picha bibi yangu kwa siri." Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

Sindano aliendelea kufuta mashine yake. "Mdogo wangu, michoro yangu mingine inatazama wapi?"

Nikaangalia picha alizobandika ukutani. Mikono yote ilikuwa imening'inia, na kila mchoro ulisimama wima mbele ya anayeutazama.

"Ningekuwa nimeiba kwa picha, ningesema aliyemchora huyu ndege alikosea, nikamgeuza. Nani alinikataza?"

Ndege wa Bibi kichwa chake kiko upande wa vidole, na wa wateja vilevile. Mkono ukining'inia, watu wanamwona miguu juu; mwenyewe akiuinua ajitazame, ndege yuko wima. Bibi husema hakuchorwa kwa ajili ya watu. Sababu hiyo Sindano angeisikia kwenye mdomo mmoja tu, wa Bibi mwenyewe.

Jioni nikampaka Bibi mafuta kwa nguvu. Akauliza kama nampaka au nakwangua sufuria.

"Ulimwonyesha Sindano," nikasema. "Mimi ulininyima."

Hakukana. Alisema yeye ndiye aliyemwomba apige picha, na kila siku nikienda kazini yeye hukaa dirishani kuwaangalia wasichana wanaopita na ndege wake, mikono wazi mchana kweupe.

"Nilitaka kuona kama kuna atakayewatemea mate. Mimi nilitemewa."

"Umeona nini?"

"Wanaulizwa wamechorwa wapi." Akacheka kidogo. "Siwajui hao. Wakitemewa, watajifuta. Wewe ungetemewa, ningefanya nini?"

Nikamwambia kwamba hata hivyo wamechorwa kovu la mafuta.

"Si mafuta." Akaweka kidole palepale penye kichwa. "Mama mkwe alitaka kumfuta kwa jiwe la kusugulia miguu. Alianzia kwenye jicho, mkono ukamchoka. Hilo sikumwambia Sindano. Ndege wao ni kipofu."

Akainuka, akapitisha kidole chini ya sufuria, kikarudi cheusi. Akasema nilete mkono, anionyeshe jicho linapokaa. Kuchomwa sindano kutafuata kwa yule kijana, na yeye Bibi atakuwepo kusimamia.

Nikamkazia macho. Mtu aliyenidanganya mafuta miaka yote hiyo, anashindwa nini kunidanganya jicho? Pengine amelitunga sasa hivi ili nisinune.

Nikakunja mkono wa blauzi, nikampa.