Nyumba ya Baba Haiuzwi

Ibironke aliyaandika maneno hayo mwenyewe kwenye ukuta wa mbele, kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Huku Apapa, kando ya bandari, kila nyumba yenye ugomvi wa urithi ina maandishi kama hayo, ila katika mtaa huu imebaki yake peke yake. Wenzake wote wameshauza. Bandari imekua na kuwameza mmoja mmoja: hapa bohari, pale matangi ya mafuta, kule uwanja wa makontena. Malori yanayosubiri zamu ya kuingia gatini yamejipanga mpaka mlangoni kwake, na madereva wanakojolea ukuta wake bila haya.

Angeuzaje? Baba yao amezikwa uani. Mdogo wake, Akinlolu, kila kikao cha ukoo alileta habari za tajiri anayekitaka kiwanja, na kila kikao dada mtu alikataa katakata. Bila ridhaa ya mzaliwa wa kwanza, hakuna kinachouzika.

Lakini mtu huchoka, jamani. Kifua kilimbana kwa moshi wa dizeli, kuta zilipasuka, usingizi mzuri alishausahau. Alikuwa akimwonea wivu shoga yake Mama Kafaya, aliyeuza akaenda kujenga Ikorodu, kwenye hewa safi. Basi akaamua, wala hakumwambia mtu: Akinlolu akiomba tena, mara moja tu, atakubali. Kulitamka mwenyewe aliona aibu. Lawama aibebe mdogo wake.

Jumapili Akinlolu akaja na ndugu kadhaa, Mama Kafaya naye akaja toka Ikorodu asipitwe na jambo. Akinlolu akajilaza kifudifudi miguuni pa dada yake, na joho lake jeupe, kama impasavyo mdogo.

“Inuka, unachafua nguo,” Ibironke alisema. “Sema ulilokuja nalo.”

“Dada, umenishinda.”

“Nimekushinda nini tena?”

“Yule tajiri nimemfukuza. Nimemwambia akanunue kwao! Sitakuomba tena maishani. Sote tulikuwa tayari kumuuza baba, ukasimama wewe peke yako.”

“Haa! Shoga yangu, wewe chuma!” Mama Kafaya alidakia. “Mie tamaa iliniponza, nikauza mapema kama samaki wa jana!” Akapiga vigelegele, na wenzake wakapokea.

Hapo ndipo pa kusema. Ibironke alifungua mdomo. Akaona wanavyomtazama, kwa heshima ambayo hawakuwahi kumpa tangu azaliwe, akaufunga.

“Mungu akubariki, mdogo wangu.” Machozi yakamtoka, nao wakadhani ni ya furaha.

Akinlolu akamshika mkono, wakaenda uani kwenye kaburi la vigae.

“Tumeshakubaliana,” alimwambia kwa upole. “Hapa ubavuni mwa baba ni pako. Hakuna atakayekutoa humu, dada, uwe hai, uwe maiti.”