Harufu ya Maji Safi

Watu wa Ruiru hawaamini macho yao, wanaamini pua. Nimetunza bwawa la kuogelea la klabu moja karibu na barabara ya bypass kwa miaka kumi na mmoja, na hilo ndilo nililojifunza. Mzazi akifika hatazami kama sakafu ya bwawa inaonekana. Anainama, anavuta pua, na klorini ikimwasha macho anamwambia mtoto aingie.

Klorini hiyohiyo ndiyo iliyonila kifua. Mwaka jana nilikuwa siwezi kupanda ngazi za nyumba yangu Kahawa Wendani bila kusimama mara mbili. Daktari wa Thika alinisikiliza mgongoni, akaniuliza kazi yangu, kisha akasema bila kuzunguka kwamba niache klorini au niache kazi. Alisema kwa wepesi wa mtu ambaye hajawahi kutafuta kazi akiwa na miaka hamsini. Mimi ni mjane, na binti yangu Kanini yuko kidato cha tatu. Nikaamua itakayoondoka ni klorini.

Nilimwendea Maluki, anayeuza dawa za maji Thika, nikamwuliza kuna nini kingine. Akanitajia mashine ya chumvi, nikafurahi, mpaka akanieleza kwamba mashine hiyo inaigeuza chumvi kuwa klorini ileile. Kuna taa za kuua vijidudu, lakini zinaua wanaopita mbele yake tu. Mtoto akikojoa upande wa pili, hiyo si habari yao. Mwishowe akaweka mtungi wa peroksaidi juu ya meza, ile dawa ya kumwagia vidonda inayotoa povu. Si kali kwa vijidudu kama klorini, alisema, ila ukiitunza haina harufu na haitakukaba. Inataka kupimwa kila siku. Na isikutane na klorini hata siku moja, kwa sababu zinamalizana, na bwawa linabaki bila ulinzi wowote.

Meneja wetu, Cindy, ni binti wa mwenye klabu. Sikumshawishi kwa kifua changu, maana kifua changu hakimhusu. Nilimwambia maji hayatakuwa yanaharibu nywele za wateja. Alikubali siku hiyohiyo.

Kwa miezi miwili nilipumua. Nilifungua chumba cha pampu asubuhi nikavuta hewa kama mtu yeyote. Nilipanda ngazi zangu moja kwa moja mpaka mlangoni, na Kanini akaniuliza kwa nini ninacheka peke yangu.

Kisha pua zikaanza. Kanisa linalobatiza watu kwetu Jumamosi lilituma mzee kuuliza kama maji yametiwa dawa kweli. Zubeida, ambaye mtoto wake Rayan wa miaka sita hujifunza kuogelea kila Jumatano, alichota maji kwa kiganja akayanusa.

"Mama Kanini, hii ni maji ya mfereji tu," akasema. "Haina dawa."

Nilimwonyesha kikaratasi cha kupimia, kilikuwa buluu jinsi kinavyotakiwa kuwa. Alikitazama kwa adabu, akaenda kumwona Cindy.

Cindy alikuja chumba cha pampu na ndoo ya klorini iliyokuwa imebaki stoo.

"Weka kidogo tu," akasema. "Ya smell."

Nilimweleza alivyonieleza Maluki, neno kwa neno. Alisikiliza akichezea simu.

"Kidogo haiwezi haribu. Ama turudishe chlorine yote, tuachane na hii experiment yako?"

Hapo ndipo aliponishika. Nilichukua kopo, nikachota klorini, nikatoka nikaimimina bwawani.

Maji yakatoa vipovu kando ya ukuta. Cindy alifurahi, na Zubeida, aliyekuwa akingoja kando ya bwawa, naye akasogea kuangalia. Hakuna mtu hapa ambaye hajawahi kumwagiwa peroksaidi kwenye goti akaambiwa avumilie, povu hilo ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Wakaona dawa imepata nguvu. Zilikuwa dawa mbili zikiuana mbele yao, na mimi peke yangu ndiye niliyejua.

Walipoondoka nilipima. Kikaratasi cha peroksaidi kilibaki cheupe. Cha klorini pia kilibaki cheupe. Kibao cha kufunga bwawa kilikuwa nyuma ya mlango, naye anayekitundika ni mimi, sihitaji ruhusa ya mtu. Lakini ningekitundika ningeulizwa sababu, na jibu lingerudisha klorini. Niliongeza peroksaidi nikaenda nyumbani. Asubuhi Cindy alitaka harufu yake, nikamimina tena. Tulienda hivyo siku tisa, katika joto la Februari, bwawa likiwa limejaa watoto. Kila jioni nilipima, nikatia vile vikaratasi vyeupe mfukoni, nikavichoma kwa jiko langu.

Siku ya kumi simu zilianza kulia. Watoto sita walikuwa na tumbo la kuhara na homa. Rayan alilazwa siku nne.

Cindy aliwaita wazazi akawaambia shida ni dawa mpya, na aliyeileta ni Mama Kanini. Sikupinga. Ningetaja ndoo yake ningelazimika kutaja vikaratasi vyangu. Watu walipotawanyika Zubeida alibaki, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Ulikuwa unapima?"

"Kila siku."

"Na ilikuwa inasema nini?"

"Ilikuwa sawa," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, akaniamini. Nimetukanwa mara nyingi katika kazi hii na hakuna tusi lililoniuma kama hilo.

Sikufukuzwa, kwa kuwa hakuna mwingine anayezielewa zile pampu. Klorini imerudi, na Cindy hataki tena kusikia habari ya vipimo. Bwawa linanuka kutoka getini. Maluki aliwahi kuniambia kwamba klorini kwenye maji safi hainuki hivyo. Inanuka ikishakutana na mkojo na jasho, na kadiri inavyozidi kunuka ndivyo maji yalivyo machafu. Ngazi zangu sasa nasimama mara tatu.

Jumatano iliyopita Rayan alirudi, amekonda, kaptura ya kuogelea imefungwa kwa pini. Zubeida aliinama juu ya maji akavuta pua mpaka machozi yakamtoka. Aliinua uso akiwa anatabasamu.

"Sasa hapo," akaniambia. "Hii sasa ni safi."

Nilijua anachokinusa. Safari hii nilitaka kumwambia, naapa nilitaka, nikafungua mdomo na kikohozi kikatangulia. Alinipigapiga mgongoni kwa huruma. Nilipomaliza kukohoa, Rayan alikuwa tayari ndani ya maji.