Diski Nyepesi

Nyumbani walimwita Mizani, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Hakununua kitu kabla hajazunguka maduka matatu, iwe waya wa kuchajia au kamera yenyewe. Kaka yake alikuwa akisema huyu hata akienda kununua jeneza lake ataomba apunguziwe, na wote wakacheka, yeye akiwa wa kwanza. Alikuwa mpiga picha za harusi, kazi ya msimu, na mkono wa birika ndio uliomfikisha alipokuwa. Hakuuonea haya.

Siku aliyokwenda kutafuta diski ya kuhifadhia kazi zake, kulikuwa na jambo moja lililomkaa rohoni kuliko harusi zote. Kwenye kadi ya kamera ilikuwemo video ya baba yao. Mzee alimwita kitandani muda mfupi kabla hajafariki, akamwambia aiwashe kamera, akasema wakiwa wawili tu kwamba nyumba isiuzwe. Mama mdogo, mke wake wa pili, akae humo mpaka mwisho wa maisha yake. Mama mdogo hakujaliwa mtoto, na hakuwa na pengine pa kwenda.

Kaka alitaka nyumba iuzwe. Alilisema hilo hata waombolezaji hawajatawanyika. Baba mdogo alipoingilia kati, kaka alikubali jambo moja: akimwona mzee kwa macho yake na kumsikia kwa masikio yake, hatafungua mdomo tena. Hakutaka vipande vya kutumiwa kwenye simu. Alitaka video nzima, mbele ya wote, msimu wa harusi ukiisha naye akipata likizo.

Kwa hiyo Mizani akaingia madukani. Duka la kwanza lilikuwa na diski ya terabaiti moja, ya kampuni inayojulikana, ina waranti, na bei yake ilimfanya ameze mate. La pili lilikuwa na diski kama hiyo kwa bei ya chini kidogo, ila boksi lilishafunguliwa. La tatu lilikuwa kibanda chini ya ngazi, na hapo akaona diski ya terabaiti mbili kwa chini ya nusu ya bei ya kwanza. Akafanya alivyozoea: akagawanya bei kwa ukubwa. Kibanda kiliwaacha wenzake mbali.

Akarudi duka la kwanza kuitumia bei hiyo kuomba apunguziwe. Muuzaji, mwanamume wa makamo asiyependa maneno mengi, hakushusha hata senti.

"Uliipima mkononi?" akamuuliza.

"Kwani nanunua nyanya?"

"Dada yangu, kama diski ya ukubwa ule ingekuwa inapatikana kwa bei ile, mimi ningezinunua zote nije niziuze hapa. Jiulize kwa nini sizinunui."

Mizani akacheka. Muuzaji gani atalisifia duka la mwenzake? Akarudi kibandani, akalipa, na kwa chenji iliyobaki akajinunulia taa ya studio. Ni kweli diski ilikuwa nyepesi. Njiani aliupapasa mkoba zaidi ya mara moja kuhakikisha imo.

Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo ya baba yao, asicholipia kodi. Aliihamisha video ya mzee kabla ya kitu kingine chochote. Mstari wa kunakili ukajaa kwenye skrini, jina la faili likatokea, basi akaridhika. Hakuichezesha. Mifupa ya shingo ya baba yake ilikuwa imemtoka mno siku ile, na hakuwa na moyo wa kuiona tena. Kadi akaifuta, kwa sababu Jumamosi kulikuwa na harusi na kadi nyingine alishaziulizia bei akaona ni ghali.

Msimu ukapamba moto. Harusi juu ya harusi, zote zikaingia diskini, nayo ikazimeza bila kulalamika. Wakati mwingine ilipata joto hadi meza ikawa na uvuguvugu. Bibi harusi wa mwanzo wa msimu alikuja kuomba picha moja ikuzwe. Mizani alipoifungua, nusu ya juu ilikuwa bibi harusi na nusu ya chini kijivu kitupu. Akasema kompyuta imechoka, akaomba radhi, akaufunga mlango akakaa.

Alijua anatakiwa kuifungua video ya mzee palepale. Akaupeleka mkono, akaurudisha. Aliogopa, na hofu ikamdanganya kwamba asipoifungua itaendelea kuwemo.

Wiki hiyo alikuja mtu na futi ya kupimia, akapima vyumba vyote hadi kibaraza. Mama mdogo akamletea maji ya kunywa.

"Anasema ametumwa na kaka yako kupima madirisha," mama mdogo alisema mgeni alipoondoka. "Lakini ameupima uwanja wote kwa hatua. Siku hizi madirisha yanawekwa uwanjani?"

Aliyasema kwa utani. Mizani hakuweza kucheka.

Siku ya kikao walikaa sebuleni mchana: baba mdogo, kaka, mama mdogo aliyevaa nguo zake nzuri, na Mizani na kompyuta yake. Akaifungua video. Mzee akatokea, akarekebisha kola, akakohoa. Mama mdogo akaziba mdomo kwa kiganja.

"Wanangu, hamjambo," mzee alisema. "Nimeona nilitamke hili nikiwa na akili zangu. Nyumba hii..."

Uso wake ukavunjika vipande vya mraba. Kisha skrini ikawa nyeusi.

Mizani akairudia. Nyumba hii, vipande, giza. Akafungua folda za harusi za mwanzo. Majina yote yalikuwepo, ndani hakuna kitu. Kaka akaichukua ile diski, akaipima kiganjani, akaipasua kwa ncha ya kisu. Kasha lilikuwa tupu. Kwenye kona kulikuwa na kikadi kidogo kama cha kamera, kimebandikwa kwa gundi.

Hapo Mizani akaelewa. Hesabu yake ya kugawanya haikuwa na kosa. Ukubwa ulioandikwa kwenye boksi ndio ulikuwa uongo. Kile kikadi kilijaa mapema, kikaanza kuandika vipya juu ya vya zamani, huku kikiyaacha majina yametulia. Kila harusi aliyoiingiza ilimfuta baba yake kidogo kidogo.

"Alisema isiuzwe," akasema. "Alisema mama mdogo akae humu. Nilimsikia mimi."

"Wewe unayekaa chumba cha mbele bila kodi," kaka akasema kwa upole. "Na video ikakatikia hapohapo."

Baba mdogo akatazama sakafu. Alisema anamwamini binti yake, lakini sharti liliwekwa na wote walilikubali. Kaka akatoka nje kupiga simu, na dirishani sauti yake ikasikika ikimwambia mtu kwamba mambo yamekwisha, aje na hati za mauzo.

Mizani alishindwa kuinua uso. Mama mdogo akasogea akakaa karibu naye, akaliokota kasha lililopasuka, akaligeuza huku na huku.

"Diski nzuri ilizidi hii kwa pesa ngapi?" akauliza.

Mizani akamtajia.

Mama mdogo akaitazama sebule yake.

"Ungeniambia, mwanangu," akasema. "Hizo ningekupa."