Ninawi Itarudi

Siku ya tatu na ya mwisho ya Mfungo wa Ninawi, wa kukumbuka mji ule ulivyotubu kwa mahubiri ya Yona, tumboni hamna hata tone la maji, ndiyo siku waliyompangia Shemasi Oraha mtihani wake wa vitabu vya manabii, kwa Kiebrania. Ulikuwa wa tatu na wa mwisho. Mara mbili alishaanguka, tena kwa Kiebrania kilekile, na mtu wa miaka hamsini na mbili akianguka mara mbili, watu huacha hata kumpa pole.

Akipita, atapewa upadri, maana kanisa lao halimkatazi mwenye mke, na kubaki kijijini kwao, karibu na magofu ya Ninawi. Asipopita, yeye na mkewe Nargis wanakwenda Uswidi kwa mtoto wao Ramsin. Vibali viko mezani tangu Krismasi. Nargis alikwisha kufunga masanduku mawili, lake na la mumewe. Asubuhi alimsindikiza hadi mlangoni.

"Nakuombea, Baba Ramsin."

"Unaniombea nipite au nianguke?"

"Nimesema nakuombea. Nenda zako, utachelewa."

Padri Hnanisho, mwalimu wake, naye alikuwa amefunga, midomo imemkauka. Alimuuliza Amosi, Oraha akajibu. Akamuuliza Hosea, akajikongoja hadi mwisho. Kisha akamsukumia kitabu cha Yona na kuweka kidole kwenye mstari.

"Soma, ufasiri."

Kichwa kilikuwa kizito kama gunia la ngano iliyolowa. "Bado siku arobaini," alisema Oraha, "na Ninawi itarudi."

Padri aliinua macho. "Itafanya nini?"

"Itarudi."

"Oraha, miaka mitatu nakufundisha mimi. Hapo unasoma kwa lugha ya sala zetu. Kwetu sisi neno hilo ni kurudi. Kwa Waebrania je?"

Lo, kosa la kitoto hilo. Lugha hizi mbili ni ndugu, na ndugu ndiye anayekuponza, kwa kuwa hujihadhari naye. Oraha alilijua vizuri sana. "Kupinduliwa," alisema polepole. "Ninawi itapinduliwa."

"Sasa mbona hukusema?"

Oraha alikuwa amechoka, tena si njaa peke yake. "Baba, ya kupinduliwa niliyaona kwa macho yangu. Tulikimbia vita, tuliporudi tukakuta hata milango imeng'olewa. Hilo halihitaji nabii. Ulimi umesema ninachokitaka."

Padri alikifunga kitabu. "Kwenu zimerudi kaya ngapi?"

"Kumi na moja. Zilikuwa mia mbili."

"Nani anawazika?"

"Padri akipatikana, huja. Asipopatikana nasoma mimi ninachokijua, tunafukia."

Mzee alichukua kalamu, akaandika, akaandika tena. "Hapo umekosea, na alama nimekukata. Yaliyobaki yanatosha. Jumapili baada ya Pasaka utawekewa mikono. Na siku ukihubiri Yona, tafadhali, sema kupinduliwa."

Nje Oraha aliitafuta furaha, hakuiona. Alikaa kwenye ngazi, akampigia mkewe.

"Nimepita."

 Upande wa pili akasikia kamasi zikivutwa, ndipo akajua aliombewa nini.

"Hongera," alisema Nargis. "Basi nitalifungua sanduku lako. Langu nitaliacha kama lilivyo."

 Alitafuta la kusema, akapata neno lilelile.

"Utarudi?"

"Njoo ule kwanza, Baba Ramsin," alisema. "Siku tatu hujatia kitu tumboni."