Siku D Ilipogeuka E

"Piga Y," Ndolo akasema, na mimi nikarukia mkono wa Andati, nikaushika hewani.

"Ngojeni! Hiyo E si diski mpya. Hiyo ni kazi yangu!"

Wakacheka. Haki ya Mungu walicheka mpaka fundi wa viatu pale nje akasimamisha nyundo.

Na sasa mmesikia? Andati amefungua branch ya chuo cha kompyuta, mtaa wa Tena! Ati ni principal! Nimeisikia leo asubuhi kwa foleni ya maziwa, na moyo wangu ukarudi mbio mpaka ninety-seven, kile chumba cha mtaa wa Jericho, nyuma ya soko.

Ndolo ni kaka yangu. Alikuwa na kompyuta moja na watu wanangoja kusoma. Mimi nilikuwa nimetoka college juzi tu, nimejaa mambo kama chupa ya soda iliyotikiswa. Mwaka mzima niliandika masomo kwa Kiswahili rahisi, ya watu walioacha shule darasa la nane. Yote nikayaweka D, ile nusu ya diski niliyopewa. "Ukimaliza, darasa ni lako," Ndolo aliniambia.

Diski ikajaa. Ndolo akamleta Andati, muuza vifaa wa Industrial Area, na diski ya pili na marashi ya kukohoza.

Akaifunga, akaigawa, akawasha upya. Sasa hapo ndipo mashine ina ujeuri wake: diski ngeni inachukua D, na ile D ya zamani inasukumwa nyuma, inaitwa E. Andati alidhani mgeni hupanga foleni mwisho, akaiagiza mashine isafishe E; ikauliza kama ifute kila kitu, Y ndiyo, N hapana.

"Piga DIR kwanza," nikamwomba. "Tuone kuna nini ndani."

"Siz, hii si sufuria, ati ufunue uone kama imeiva."

"Ndolo, tafadhali. Sina kopi." Floppy za kunakili nilimwomba Ndolo kitambo, akasema ni za kuchezea.

"Kavutha, wacha mwanaume afanye kazi."

Andati akanibandua vidole, kimoja kimoja, polepole, kama anamenya ndizi. Akapiga Y. Asilimia zikaanza kupanda, na kinu cha posho hapo jirani kinanguruma tu, kama hakuna kitu kinakufa.

Ilipoisha akafungua E, tupu, akatabasamu. Akafungua D anionyeshe masomo yangu. Tupu.

Hiyo mara hakuna aliyecheka.

Jumapili baada ya kanisa, Andati alikuja kula kwetu. Ndolo akanawa mikono, akamwambia mama, "Kavutha amegusagusa mashine, kazi yote imepotea. Bahati Andati yuko. Yeye ndiye atafundisha."

Nikamwangalia Andati. Andati akaangalia soda yake.

"Mama, si mimi," nikasema.

"Basi, basi. Tuna mgeni." Mama akaniwekea sahani mkononi nimpelekee, paja la kuku juu.

Nikampelekea.

"Asante, siz," akasema.