Bandari Inayonuka

"Honfleur," alisema Anselme, akiitandaza kalenda ya picha za bandari, iliyoletwa na tarishi wa barua, juu ya barafu, katikati ya chaza na malimau. "Tazama nyumba zilivyobanana. Zinajiangalia majini kama wasichana."

"Ondoa makaratasi yako kwenye barafu yangu," alijibu mkewe bila kuinua macho.

Huguette alichomeka ncha ya kisu penye maungio ya ganda, akazungusha kifundo cha mkono kidogo, ganda likaachia. Akamwinua chaza hadi puani, akavuta pumzi, akaridhika, akamlaza kwenye sinia. Kibanda chake kilikuwa kando ya mlango wa mkahawa mmoja mjini Dijon, mbali na bahari yoyote. Miaka nenda miaka rudi alisimama hapo vidole vikifa ganzi, na bandari alizijua kwa majina tu, yale yaliyopigwa mhuri kwenye vikapu. Mwaka huu alikuwa amepewa likizo ndefu kidogo. Waende wapi, hilo ndilo lililowagombanisha tangu Jumapili.

Kijana wa kuleta mizigo, Yannick, alitua vikapu viwili chini na kuchungulia kalenda.

"Honfleur pazuri, mama. Ukitaka picha, nenda huko. Ukitaka kula, nenda Port-en-Bessin. Ila maji yakikupwa, shika pua. Panavunda!"

"Umemsikia?" alisema Anselme. "Panavunda."

Huguette alikuwa ameganda na kisu mkononi.

Mafua ya majira ya baridi yalikuwa yamemwacha Anselme hanusi harufu yoyote. Na huyu alikuwa mwoka mikate tangu ujana, mtu aliyeweza kukatiza usingizi na kusema tanuri la jirani limezidi moto. Siku moja maziwa yaliungua jikoni yakawa makaa, yeye kaketi hapo hapo anasoma gazeti. Huguette alipoingia mbio na kufungua madirisha, Anselme alikunja gazeti taratibu, akaenda kulala mchana kweupe. Tangu hapo alikula kama anayemeza dawa. Suruali zilimpwaya. Daktari alisema huenda pua ikarudi, huenda isirudi, akainua mabega.

Kwa hiyo yeye alichagua bandari kwa macho. Mkewe alikuwa na shabaha nyingine, ila hakuthubutu kuitamka, asije akampa mtu tumaini la bure.

Wakapatana: Honfleur kwanza, kisha bandari ya mke.

Na Honfleur iliwapendeza kweli. Walitembea wameshikana mikono kandokando ya maji, wakasimama nyuma ya wachoraji, Anselme akawakosoa kwa sauti ya chini hadi Huguette akamfinya. Jioni walikaa mezani nje, wakaletewa bakuli la kome walioelea kwenye mchuzi wa krimu. Huguette alifumba macho kwa utamu.

"Wako wakoje?" aliuliza.

"Wa moto," alisema Anselme.

Alikula watatu, akaweka uma.

"Huguette, usinitazame nikila. Unanitazama kama sufuria inayokaribia kuchemka."

"Samahani."

"Kesho turudi nyumbani. Nimeshaona."

"Bado bandari yangu."

"Ile ya kunuka? Mimi nisiye na pua, unipeleke mahali pa kunuka?"

"Kwani utapata hasara gani?"

Anselme alitaka kukasirika, akashindwa. Alicheka hadi mhudumu akaja kuuliza kama kuna wanachohitaji.

Walifika Port-en-Bessin asubuhi, maji yamekupwa. Mashua za uvuvi zilikuwa zimekalia matope, zimeinama huku na huku, na nyavu zimerundikwa gatini pamoja na makreti. Hapakuwa na mchoraji hata mmoja. Mwanamke mnene aliyevaa aproni ya mpira alikuwa akiosha meza yake ya samaki kwa ndoo.

"Hata pa kukaa hakuna," Anselme alilalamika, akiruka dimbwi. "Kalenda gani ingeweka..."

Uso wake ukakunjamana. Akageuza kichwa, akarudi nyuma hatua moja, akasogea tena mbele hadi ukingoni, kwenye ngazi zilizojaa mwani na chambo kilichooza.

"Nani kafia hapa?" alisema.

Huguette alimshika mkono.

"Umesemaje?"

"Nasema panavunda! Lo! Panavunda vibaya!"

"We mzee!" Muuza samaki aliitua ndoo kwa kishindo. "Kama pua yako ya kifalme, rudi nayo Paris!"

"Sitoki Paris, natoka Dijon!" Anselme alipaza sauti, machozi yakimlengalenga. "Na bandari yenu inanuka, mama! Inanuka kama jehanamu!"

Huguette alimrukia shingoni, akambusu shavu, sikio, popote.

"Haya tazama," mwanamke aliwaambia shakwe waliojipanga kwenye paa. "Huyu anatutukana, na mkewe anambusu."

Mwanamke alipoelezwa kisa cha pua, aliwachotea bakuli la konokono wa baharini waliochemshwa kwa pilipili manga, akawapa na pini mbili za kuwachokolea. Akawakatia na mkate, akakataa kulipwa.

Walikaa juu ya kreti lililopinduliwa. Anselme alimchokoa konokono, akatafuna polepole sana. Safari hii Huguette alijilazimisha kutazama mashua.

"Chumvi," alisema Anselme. "Na kitu kingine, kwa mbali. Kama chuma... Hapana, kimetoroka." Akachokoa mwingine. "Aa, hicho! Kimerudi."

Akala wa tatu, wa nne. Akamnyang'anya mkewe mmoja aliyekwisha kumtoa kwenye ganda.

"Mwizi wewe!"

"Umechelewa."

Kisha aliuchukua mkate. Aliumega katikati, akautia uso wake wote ndani, akabaki hivyo, mabega yakipanda na kushuka.

"Je?" Huguette aliuliza.

"Bado," alisema Anselme. Aliuchovya kwenye maji ya konokono, akaula hata hivyo, akaramba vidole.

Bahari ilikuwa imeanza kurudi. Ilipenya kimyakimya katikati ya mashua, ikazifikia moja moja, na ile ya karibu yao ikatikisika, ikainuka kidogo, ikakaa tena kwenye tope.